Kiti cha Pili Mbele ya Ziwa

Sikwenda kwenye ile hoteli kupumzika. Nalisema mapema kwa sababu niliporudi Bwera watu waliniuliza kama nimepumzika, nami nikawajibu ndiyo, vizuri sana, tena nikawaeleza habari za mataulo na vitanda. Uongo mtupu. Nilikwenda kumlinda mama yangu asichukuliwe na mdogo wangu, na ndani ya mzigo wangu mlikuwa na unga wa muhogo wa kutosha wiki nzima.

Mdogo wangu ni wa mwisho kwetu na mimi ni wa kwanza. Wapo wengine katikati, lakini hawamo katika habari hii. Yeye ni muuguzi Kampala, ana gari, ana mume mpole anayejipigia pasi mashati yake mwenyewe. Mimi nina meza ya maharagwe na samaki wa chumvi katika soko la Mpondwe, karibu sana na mpaka hivi kwamba nasikia madereva wa malori wakigombana na maajenti wao. Nyumba yangu iko Bwera, na mama ameishi nami humo tangu baba alipofariki. Mama ni mzaliwa wa Butembo, upande wa Kongo. Ameishi Uganda tangu aolewe, lakini Kiswahili chake hakijavuka mpaka hadi leo.

Sokoni kila mtu anajua kwamba mama ni wangu. Salamu yangu ya asubuhi si habari gani, ni "Mama iko aje?" Najibu kwa kirefu: amelala vipi, amekula nini, goti linasemaje. Nikipita bila kumtaja, wanadhani nimeugua.

Basi siku moja mdogo wangu akapiga simu. Alisema ametuwekea nafasi katika hoteli ndogo upande wa Katwe, vyumba vinane tu, mbele ya ziwa, kimya kabisa, kama baharini. Bahari hatujawahi kuiona sisi. Yeye mwenyewe aliipita kwa ndege mara moja, akiwa usingizini.

"Mama apumzike, na wewe dada upumzike," alisema. "Siku tatu. Halafu siku ya mwisho mama atuambie mwenyewe kama anakuja kukaa kwangu Kampala au anabaki kwako."

Aliyasema hayo kama mtu anayeuliza mgeni anywe chai au uji. Nikamwambia sawa. Nilipokata simu nilimfokea mteja mmoja aliyekuwa anachagua maharagwe polepole, mpaka akaenda meza ya jirani, na jirani akacheka.

Niseme wazi: nina wivu. Si wa jana wala juzi. Nyumbani kwetu ni juu ya Kyarumba, ambako njia ni za miguu na zinateremka kama zinataka kukumwaga. Kule mwanamke hufunga mzigo kwa mkanda, mkanda unapita kwenye paji la uso, mzigo unakaa mgongoni na shingo ndiyo inayovuta. Nilianza nikiwa na miaka tisa. Hapa juu ya nyusi zangu kuna mfereji, ukipitisha kidole utauhisi. Kahawa iliyomsomesha mdogo wangu ilishuka mlima ikiwa mgongoni kwangu na kwa mama, yeye akiwa amevaa soksi nyeupe. Na zile soksi nilizifua mimi.

Katikati ya ile njia palikuwa na ukingo wa jiwe, urefu wa kiuno. Hapo mimi na mama tulikuwa tunapumzika. Lakini hatukuvua mkanda. Ukivua mkanda na kuuweka mzigo chini, nani atakuinulia njiani? Unarudi kinyumenyume, unauegesha mzigo kwenye jiwe, mkanda unabaki kichwani, unapumua kidogo, unaendelea. Siku isiyo na ukungu tuliliona ziwa kutoka pale, mbali kule chini, jeupe kama sahani. Mama alikuwa anasema, "Siku moja tutashuka kule, sisi wawili. Tuikale tu." Kuikala kwake ni kukaa. Alilisema mara nyingi mno, mwishowe nikawa silisikii tena.

Mdogo wangu alitufuata Bwera kwa gari lake. Tulipita Kikorongo, tukapinda kushoto… hapana, kulia, sijui, nilikuwa nimenuna na sikuangalia nje. Mama aliangalia. Aliona swala, akaona tembo, kila kitu alimwonyesha yule aliyekuwa anaendesha, kwa sababu ndiye aliyekaa naye mbele.

Hoteli yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo liliniudhi zaidi. Vibanda vinane vya mawe vyenye paa la nyasi, maua ya zambarau ukutani, na ziwa liko pale pale chini ya bustani, kubwa, halina upande wa pili. Mfanyakazi mmoja alikuja mbio kuchukua mizigo. Nikamwambia asihangaike. Nikatoa mkanda wangu, nikafunga pamoja unga, maharagwe, majani ya muhogo ya kupika sombe na begi la mama, nikauweka mkanda kwenye paji la uso na kupita nao mbele ya wageni waliokuwa wanakunywa juisi.

"Dada, kuna watu wa kubeba," mdogo wangu alisema kwa sauti ndogo.

"Kwani mimi si mtu?"

Aliangalia chini. Nilifurahi sana, nakiri.

Chumba changu na mama kilikuwa kimoja, mdogo wangu alijiwekea kingine nyuma, upande usioonyesha maji. Sisi tulikuwa na baraza lililotazama ziwa, na barazani viti viwili vya mbao, vipana, vyenye mito. Mama alikaa cha kwanza, akaweka miguu juu ya kistuli, akatoa pumzi ndefu.

"Dada, kaa," mdogo wangu alisema. "Hicho kingine ni chako."

Mimi nikasikia mtu anayenigawia vitu vyake. Nikamwambia kuna watu hapa wanahitaji kula, na nikaenda kutafuta jiko.

Mnisikilize vizuri hapo, maana ndipo nilipopanga kumshinda. Mama yangu hali chakula cha wageni. Mama anakula bundu, yaani ugali wa unga wa muhogo, laini, moto, pamoja na sombe au samaki. Mdogo wangu hajui kusonga bundu. Amesoma dawa zote za dunia, lakini mwiko ukiwa mkononi mwake bundu linatoka na mabonge. Mpango wangu ulikuwa rahisi: siku tatu mama ale mkono wangu, na siku ya mwisho tumbo lake lenyewe liseme.

Mpishi alikuwa mwanaume mtaratibu, mwenye kofia nyeupe. Alisema, "Mama, wewe ni mugeni. Nipe huo unga nipike, wewe enda upumzike." Nikampa. Alilisonga kama anayeogopa kuliamsha. Nikamsukuma pembeni kwa adabu, nikaibana sufuria kwa miguu, nikalisonga mpaka likang'aa. Siku ya pili alikuwa amenitundikia aproni msumarini.

Jiko lilikuwa na dirisha dogo juu ya sinki. Kutoka pale niliona baraza letu. Niliona vichwa viwili, cha mama chenye kitambaa na cha mdogo wangu chenye nywele za saluni. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha pili. Niliwaona wanacheka. Wanacheka nini? Mama nyumbani hacheki namna ile, anatabasamu tu na kuuliza kama nimefunga kuku. Niliwaangalia mpaka sombe likashika chini, mpishi akaja kulikoroga.

Nilipopeleka chakula, mama alikula matonge matatu. Alinishukuru, akanawa. Kumbe alikuwa ameshakula. Walimletea samaki wa kukaanga na chipsi, na mama yangu, mama yangu mzazi, alikuwa ametumia uma. Baadaye wakaleta barafu ya maziwa katika kikombe cha kioo na akaimaliza na kulamba kijiko. Roho iliniuma kama nimefumania mtu.

Siku ya pili mdogo wangu alimwosha mama miguu ndani ya beseni, akamkata kucha na kuzipaka rangi. Nyekundu. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mkuu wa akina mama wa kigango, kucha nyekundu. Nilipita na trei nikajifanya sikuona. Kisha wakaniita twende kwenye boti kuangalia viboko.

"Maharagwe yako motoni," nikasema.

"Mpishi atayaangalia, dada."

"Mpishi ana kazi yake."

Mama aliniangalia, kisha akavaa kofia ya majani waliyompa, wakaondoka. Nilisimama dirishani nikaangalia ile boti inakuwa ndogo. Yale maharagwe yalikuwa yameiva tangu zamani. Nawaambia ninyi kwa sababu mpishi analijua hilo, na siku moja anaweza kulisema.

Waliporudi mama alinikuta bado pale, akasimama mlangoni mwa jiko na ile kofia yake.

"Ulikuwa wapi siku yote?"

"Hapa. Nakupikia."

"Aa," alisema, akaenda zake.

Jioni hiyo, nikimpaka dawa ya goti, nilimweleza habari za Kampala. Nilitia chumvi, tena si kidogo. Nilimwambia kule maji yanakatika wiki nzima, jirani hamsalimiani, mdogo wangu anakwenda kazini usiku na mchana na yeye atafungiwa ndani na televisheni. Nilimwambia misa yao ni ya Kiganda kitupu. Mama alikuwa anaangalia kucha zake nyekundu.

"Na weye," aliuliza, "maji ya hapa ulishayagusa?"

Nikamwambia nitayagusa kesho.

Kesho ilikuwa ndiyo siku ya mwisho, na niliamka kabla ya jua. Nilitaka bundu la mwisho liwe ambalo hajawahi kula. Nilikuwa nafunga leso yangu mama aliposema kutoka kitandani, "Leo acha. Njoo tuikale nje, jua inatoka."

"Dakika kidogo tu, mama. Hili la leo utalikumbuka."

"Nimesema acha."

"Nakuja sasa hivi."

Sikuja sasa hivi. Kuni hazikuwa kavu, mpishi alikuwa na mayai ya wageni, na mimi nilitaka sombe lichemke mara mbili kama anavyolipenda. Nilipotoka na trei, jua lilikuwa limeshapanda na mizigo yao ilikuwa mlangoni. Mdogo wangu aliponiona aliinuka haraka kwenye kile kiti.

"Dada, kaa hapa."

Sikukaa. Nilisimama na trei yangu.

"Nitaenda Kampala," mama alisema.

Alisema hivyo tu, akitazama maji. Mimi niliiweka trei chini, juu ya sakafu, kisha nikasema yote. Nilisema magunia, nilisema mlima, nilisema soksi nyeupe. Nilimwambia mdogo wangu kwamba amekuja na gari kuchukua kitu ambacho hakukipanda. Nilimwambia kucha unaweza kupaka kwa siku tatu, lakini goti ni la kila siku, na goti hilo ni mimi ninayelijua. Nilimwambia mama kwamba amenunuliwa kwa barafu ya maziwa. Wageni wa kibanda cha pili walirudi ndani na kufunga mlango. Mdogo wangu alikuwa analia, na hata pale, Mungu anisamehe, niliona analia vizuri kuliko mimi.

Mama alingoja nimalize. Kisha akamwambia mdogo wangu apeleke mizigo kwenye gari. Tulipobaki wawili akanionyesha kile kiti kwa kidevu. Nikakaa.

"Hii hoteli ni mimi niliomba," alisema. "Mudogo wako alitaka kutupeleka Entebe. Nikamwambia hapana, tafuta nafasi pale chini, kwa ile maji tulikuwa tunaona na dada yako. Sababu nilimuahidi tangu iko mutoto. Nikamwambia chumba ya mbele iwe yetu sisi wawili. Viti mbili."

Niliushika mkono wa kiti.

"Siku ya kwanza nikakungoja. Siku ya pili nikakungoja. Mudogo wako aliikala hapo sababu kiti ilikuwa bure. Kila mara akisikia unakuja, anasimama. Haukuona?"

Niliona. Nilidhani ananikimbia kwa aibu.

"Nilikuya hapa nikijua nitabaki kwako," mama alisema. "Nilikuwa nimeshamwambia hata yeye, mbele ya kutoka Bwera. Akakubali. Akasema basi tupumzike tu, bila shida. Lakini nimekuangalia hizi siku tatu." Alinyoosha mkono wake, akaweka kidole hapa, kwenye mfereji wangu juu ya nyusi, akaupitisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. "Ulikuya na muzigo, ukauegesha. Mukanda haukutoa. Hata hapa. Na muzigo ni mimi. Nikibaki kwako hautautoa, mutoto yangu. Utanibeba mupaka unaanguka, na utawaambia batu bote ya Mpondwe."

Hilo la mwisho lilinichekesha, na nikalia kwa kucheka huko. Mama naye alicheka, kile kicheko nilichokuwa nakiona kutoka dirishani. Nikamuuliza, na sauti yangu bado ilikuwa na ubaya, "Na bundu je? Nani atakusongea kule?"

"Nitasonga mimi. Kwani weye nani alikufundisha?"

Tulikaa. Nusu saa labda, labda chini ya hapo. Lilikuwa ziwa tu, sitawadanganya. Maji, ndege weupe, kiboko mmoja akitoa masikio. Upepo ulikuwa unakuja usoni na mto wa kiti ulikuwa laini kiunoni. Mama alifumba macho. Bundu lilipoa pale chini na hakuna aliyeligusa, halafu gari likapiga honi, mara moja, kwa woga.

Waliniacha Kasese nipande gari la Bwera, wao wakashika barabara ya Kampala. Mdogo wangu alishuka kunikumbatia. Nilimkumbatia shingo upande, na nikamwambia mafuta ya goti yanapakwa kutoka chini kwenda juu. Akayaandika kwenye simu yake. Yule mtu ameandika, jamani. Nilikasirika na nikampenda kwa wakati mmoja.

Watu wa soko bado wananiuliza, "Mama iko aje?" Najibu yuko Kampala, anakula vizuri, kucha zimebadilishwa rangi. Wananisifu kwa kuwa na mdogo mwenye moyo. Namwonea wivu mpaka leo, lakini siyo gari tena, wala Kampala. Namwonea wivu zile siku tatu alizokaa kwenye kiti changu, akimsikia mama akicheka, huku mimi nikiwa jikoni na maharagwe yaliyokwisha kuiva.

Mama hunipigia Jumapili, baada ya misa. Swali lake la kwanza si biashara wala afya. Anauliza, "Uko naikala?" Namjibu ndiyo, mama, niko naikala. Kisha naivuta stuli kwa mguu na kukaa kweli, asije akasikia kwenye sauti kwamba nimesimama.